Umanjano wa Mtoto Mchanga na Mawingu ya Chala

Kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusi zivumapo, baridi ya Kilimanjaro hushuka hadi Chala, na jua huweza kufichwa na mawingu siku kadhaa. Mama aliyejifungua majira hayo, naye yumo katika arobaini yake, mlango umerudishwa na pazia limeshushwa, huenda asiutambue umanjano wa mwanawe mpaka umekolea. Ukitambuliwa, wazee husema: mtoeni aote jua la asubuhi. Jua lenyewe halipo, basi hungojwa.

Kungoja huko ndiko tunakokuhofia. Wazee wana asili ya kushika. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliyekuwa akiwatoa watoto nje aliona kwamba ngozi iliyopata jua imepungua umanjano, na ile iliyofunikwa na shuka ingali manjano. Hapo ndipo ulipoanza utafiti uliozaa taa za mwanga wa buluu zitumiwazo hospitalini hadi leo. Lakini taa haijui mawingu, na mtoto aliye chini yake hupimwa damu. Jua la uani halina kipimo, na kumvua mtoto nguo katika baridi ni kumtia madhara mengine.

Takriban watoto 6 katika kila 10 waliotimiza miezi huwa manjano siku za mwanzo, kwa kuwa ini lao halijaweza kuiondoa bilirubini upesi. Kwa wengi hupungua wenyewe.

Kipupwe kina jambo jingine lisilotajwa sana. Mablanketi hutolewa masandukuni yakinuka nafthalini, zile tembe nyeupe za kufukuzia nondo, na mtoto akafunikwa papo hapo. Kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, urithi ulioenea palipo na malaria, pwani yetu ikiwamo, harufu hiyo yatosha kuvunja chembe nyekundu za damu na kuupandisha umanjano ghafla. Nguo hizo zisimguse kabisa. Na hina pia, kina bibi watuwie radhi: asipakwe mtoto mchanga.

Wakati wa joto la kaskazi hatari ni kutonyonya vya kutosha. Maji ya glukosi hayafai. Anyonyeshwe mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana.

Basi pazia lifunguliwe kila siku, mtoto atazamwe weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Umanjano uliotokea kabla ya saa 24, au uliofika viganjani na nyayoni, au mtoto akilegea, akikataa ziwa, akilia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, apelekwe hospitali ya Taveta saa hiyo hiyo, mvua au jua. Bilirubini ikishaingia ubongoni huweza kumwacha kiziwi au mwenye viungo visivyomtii maisha yake yote. Arobaini haimzuii mama kutoka kwa ajili hiyo.