Mapisi ya Mau Narok na Deni la Profesa Ogot

Mwaka 1963 mwanahistoria Mwingereza Hugh Trevor-Roper alidai kwamba Afrika haikuwa na historia ila ile ya Wazungu waliofika huko. Mengine yote yalikuwa giza. Miaka hiyohiyo Bethwell Allan Ogot, mzawa wa Gem, alikuwa akikusanya nasaba na masimulizi ya uhamaji kutoka kwa wazee wa Kijaluo. Kitabu chake kuhusu Waluo wa Kusini kilitoka mwaka 1967. Baadaye aliongoza kamati ya UNESCO iliyosimamia uandishi wa Historia Kuu ya Afrika.

Ogot alifariki Januari 2025. Alisifiwa sana, na alistahili. Hata hivyo, idara za Kiswahili bado zina deni lake. Wanafunzi hutumwa nyanjani kukusanya fasihi simulizi, wakarudi na methali, vitendawili na ngano za sungura (ambaye bila shaka amekwisha kuchoka). Mapisi huachwa, yakidhaniwa kuwa mali ya idara ya historia.

Ichukuliwe Mau Narok, si mbali na Njoro kiliko Chuo Kikuu cha Egerton. Jina Narok ni la Kimaasai, lenye maana ya weusi. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa; ule wa 1911 ukawaondoa Laikipia pia. Karatasi zadai walihama kwa hiari. Mbona basi mwaka 1913 walikwenda mahakamani kuupinga? Kesi ilitupwa pasipo dai lenyewe kuamuliwa. Waogieki wa msitu wa Mau nao walisubiri hadi 2017, Mahakama ya Afrika kule Arusha ilipoitambua haki yao.

Yawezekana kupinga kwamba mzee asimuliaye habari za ardhi huvutia kwake. Ni kweli, lakini afisa wa kikoloni naye alivutia kwake. Ogot alilinganisha simulizi na simulizi, ukoo na ukoo. Huko Mau Narok Mmaasai, Mwogieki na Mkikuyu hukutana sokoni kwa Kiswahili. Simulizi zao, zikisharekodiwa kwa lugha za wenyewe, zaweza kuwekwa bega kwa bega katika lugha hiyo. Hapa Ogot mwenyewe hakufika: vitabu vyake vikuu aliviandika kwa Kiingereza.

Waliosimuliwa na wazazi wao habari za uhamisho wa 1911 sasa ni wakongwe, na muhula wa utafiti nyanjani huja mara moja kwa mwaka.