Jembe Si Kiboko

Iko desturi katika shule nyingi ambayo yafaa kuachwa. Mtoto akichelewa, hupewa jembe. Akipiga kelele darasani, hupewa jembe. Akisahau daftari nyumbani, hupelekwa bustanini kupalilia, hali wenzake wamekaa wakisoma. Watu hudhani kwamba kwa dawa hiyo moja hupona magonjwa mawili: mtoto hurudi katika adabu, na bustani hupaliliwa. Walakini dawa hiyo huzaa ugonjwa wa tatu. Mtoto hujifunza kwamba kulima ni kazi ya wakosaji. Na jioni arudipo nyumbani humwona mama yake analima, wala hajui tena amheshimu au amhurumie.

Jambo hili ni zito katika nchi ya Mara, maana watu wengi wa Musoma, Bunda na Butiama huishi kwa jembe, kwa mifugo na kwa nyavu za ziwani. Mtoto akidharau jembe, amedharau chakula chake mwenyewe.

Kweli ni kwamba bustani ya shule ni darasa lisilo na kuta. Mwaka 1978 watu wawili wa Australia, Bill Mollison na David Holmgren, walitoa kitabu juu ya kilimo cha kudumu, yaani kilimo kiigacho msitu. Msituni hakuna mtu atiaye mbolea, wala udongo hauchoki, kwa kuwa majani yaangukayo huufunika, huoza na kuulisha. Mambo mengine yaliyomo katika kilimo hicho wazee wa Mara waliyajua zamani, kwa mfano kupanda kunde kati ya mtama. Kazi ya mwalimu ni kueleza sababu. Mizizi ya kunde ina vinundu vidogo. Ndani yake wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Mtoto aking'oa mkunde mmoja na kuvitazama vinundu hivyo, hatausahau upesi. Kadhalika akipima tuta amejifunza hesabu. Akitandaza nyasi kavu juu ya tuta moja na kuliacha la pili wazi, kisha akatia kidole katika udongo wa yote mawili baada ya siku tatu za jua, amejifunza mwenyewe kazi ya matandazo. Na maji yaliyonawia mikono, yakiongozwa kwa mfereji mpaka penye migomba, hayapotei bure.

Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza masomo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mwaka 1967, akiwa Rais, alitoa maandiko yaitwayo Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe na mashamba. Lakini alitaka pia wanafunzi washiriki katika kupanga kazi, na waone wenyewe faida na hasara yake. Mahali pengi watu walishika nusu tu ya shauri hilo: jembe walimpa mtoto, sauti wakamnyima. Naye alipoacha urais mwaka 1985, alirudi Butiama akalima. Hakuna aliyedhani kwamba ameadhibiwa.

Wako wazazi wasemao, “Mtoto hakupelekwa shule kulima, kulima kuko nyumbani.” Wana haki ya kusema hivyo, ikiwa mtoto hulima bila kufundishwa neno, au mboga alizopanda huliwa na wengine. Dawa yake ni kuhesabu mavuno mbele ya watoto, na kutia mchicha na kunde katika chungu chao wenyewe.

Wala shule haiwezi kazi hii peke yake. Mwezi wa Juni mvua za masika zimekwisha, na shule hufungwa kwa likizo. Lakini mbuzi hawana likizo. Ua wa minyaa huwazuia, kama umepandwa kwa kusongamana, ingawa watoto yapasa waonywe kwamba utomvu wake hudhuru macho. Bali mche wa mpapai hautaki ua tu, wautaka na maji. Ni nani atakayeumwagilia? Ni jirani aliyeitwa tangu mwanzo: bibi aliyeleta mbegu za mgagani, mzee aliyeonyesha maji ya mvua yapitapo, mama ajuaye kwamba akimwagilia, naye atachuma. Jirani aliyeitwa siku ya kuchimba tu hatafika siku ya kiangazi.

Basi mtoto mkosaji na aonywe kwa njia nyingine, na bustani iwe mahali pa kuingia kwa furaha. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Na mtoto aliyekunjwa alichukie jembe ni vigumu kumkunjua akiwa mtu mzima.