Ruzuku ya Jiji, Paa la Nyumba na Sahani ya Mzee

Fedha nyingi ambazo miji ya Marekani huzipa asasi za kijamii kwa ajili ya nyumba na huduma za wazee hazitoki mfukoni mwa jiji. Zinatoka Washington. Mwaka 1974 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyokusanya misaada kadhaa ya miji kuwa ruzuku moja ya maendeleo ya jamii, ambayo maofisa huiita CDBG. Miji yenye watu 50,000 au zaidi hupata fungu lake moja kwa moja, na midogo mingi huomba kupitia serikali ya jimbo. Asilimia 70 ya fedha hizo, kwa uchache, lazima iwafae wenye kipato cha chini na cha wastani. Zaidi ya hapo, jiji ndilo linaloamua asasi ipi ipate na ipi ikose.

Ndani ya ruzuku hiyo kuna kizuizi ambacho viongozi wa vyama vingi vya Waswahili ughaibuni hukigundua wakiwa wameshachelewa. Fedha za huduma kwa watu, yaani mishahara ya wahudumu, usafiri wa wazee, ukalimani na madarasa, kwa kawaida hazipaswi kuvuka asilimia 15. Jiji lililopata dola milioni moja lina dola 150,000 tu za kazi hizo zote, na mlangoni wamesimama pia watetezi wa vijana, wa wasio na makazi na wa waathirika wa ukatili wa nyumbani. Fungu la matengenezo halina kizuizi cha namna hiyo. Ndiyo maana ombi la kukarabati paa, kujenga njia ya kiti cha magurudumu au kufunga vishikio bafuni linaweza kupita mahali ambapo ombi la mshahara wa mhudumu mmoja limekwama. Mzee anayeogopa kuanguka bafuni hajali kama msaada wake umeandikwa nyumba au huduma, lakini karani wa jiji anajali sana.

Wazee wana upendeleo mmoja katika kanuni hizo. Huduma iliyowekwa kwa ajili yao peke yao huhesabiwa kuwa inawafaa wenye kipato kidogo, bila kila mmoja kudaiwa hati za mapato. Upendeleo huo hauvuki kizingiti cha nyumba: paa likitengenezwa, kipato cha kaya hupimwa upya.

Chakula cha wazee kina njia yake, iliyo chini ya Sheria ya Wamarekani Wazee ya mwaka 1965. Fedha hushuka hadi jimboni, kisha kwa wakala wa wazee wa eneo, ambao huingia mikataba na watoa huduma. Mlaji halipishwi, huombwa mchango wa hiari. Mlo mmoja hutakiwa kubeba theluthi ya mahitaji ya lishe ya siku, na sheria yenyewe inataka dini na asili ya walaji vizingatiwe kadiri inavyowezekana. Wali, maharage na mchicha vinaweza kuwamo katika mlo huo, ila sharti atokee mtu wa kuviombea nafasi kwenye orodha ya vyakula.

Kwa Mswahili, mzee ni heshima kabla ya kuwa umri. Kwa Sheria ya Wamarekani Wazee ni miaka 60, na kwa majengo ya wazee yanayogharimiwa na wizara ya nyumba ni 62. Hapo wakimbizi wengi hukwama, kwa kuwa walisajiliwa bila cheti cha kuzaliwa, wakaandikiwa Januari 1 ya mwaka wa kukisia. Bibi mwenye wajukuu wakubwa anaweza kuonekana kwenye karatasi kuwa na miaka 57.

Kwa ujenzi wa nyumba mpya za bei nafuu kuna mfuko mwingine, HOME, ulioanzishwa mwaka 1990. Asilimia 15 yake hutengewa asasi za makazi za jamii, na theluthi ya bodi ya asasi hizo lazima iwakilishe wakazi wenye kipato kidogo. Chama kilichoanza kama cha kufa na kuzikana huwa na watu hao tele. Kinachokosekana, mara nyingi, ni mfanyakazi mwenye uzoefu wa ujenzi na akiba benki. Akiba ni muhimu kwa sababu ruzuku nyingi hurudisha kilichokwisha kutumika: asasi hulipa kwanza, hupeleka risiti, kisha husubiri.

Wengi hujitokeza siku fomu za maombi zinapotolewa. Kufikia hapo mgawo umeshaelekezwa na mpango wa jiji wa miaka mitatu hadi mitano, unaotaja mahitaji yatakayopewa kipaumbele. Asasi ambayo mahitaji yake hayamo humo huanza ikiwa nyuma. Jiji hulazimika kufanya vikao vya hadhara na kupokea maoni kwa siku 30 kabla ya kupitisha mpango huo, na kueleza litakavyowahudumia wasiojua Kiingereza pale wanapotarajiwa kuhudhuria kwa wingi. Mkalimani wa Kiswahili, kwa hiyo, huombwa mapema na kwa maandishi. Mwaka ukiisha, jiji hutoa taarifa ya matumizi, nayo huachwa wazi kwa maoni ya wananchi kwa siku 15.