MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Walimu Wanaokaguana

Sisi sote twamjua mkaguzi wa shule. Siku anapofika, uwanja umefagiwa, watoto wamenyolewa nywele, na mwalimu mkuu hana raha mpaka mgeni ameondoka. Mkaguzi huyo ni mtu wa serikali, naye hulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Lakini chuo kikubwa chenye maprofesa je, nani atakikagua? Nani atawaambia mabwana wale kwamba kazi yao haifai? Leo tutazame jinsi watu wa Marekani walivyolijibu swali hili. Jibu lao lawagusa hata wazazi wa huku kwetu, wenye vijana wanaotamani kwenda kusoma ng'ambo.

Huko Marekani serikali kuu haina wakaguzi wa kwenda chuo hata chuo kupima mafundisho. Tangu zamani shule na vyuo vyenyewe viliunda vyama vyao. Chama cha New England kilianza mwaka 1885. Cha majimbo ya Kusini na cha majimbo ya kati ya kaskazini vilianza mwaka 1895. Baadaye vyama hivyo vikashika kazi ya kukagua. Chuo kikifaulu hupewa ithibati, maana yake, yathibitishwa kwamba mafundisho yake ni ya kweli na cheti chake kina thamani.

Kwanza ithibati ilikuwa jambo la heshima tu. Lakini mwaka 1944 serikali ilitoa sheria ya kuwalipia karo askari waliotoka vitani. Mara zikazuka shule ambazo shabaha yake ilikuwa kula fedha hizo, na askari wengine wakatoka mikono mitupu. Kwa hiyo, sheria ya askari ya mwaka 1952 ilipotungwa, serikali ikaanza kuvitegemea vyama vya ithibati. Siku hizi mwanafunzi wa chuo kisicho na ithibati ya chama kinachotambuliwa na serikali hapati msaada wala mkopo wa serikali kuu. Hivi mwaona kwamba neno la wakaguzi ni zito. Laweza kukiinua chuo, na laweza kukifunga.

Basi, wakaguzi hao ni akina nani? Ni walimu wa vyuo vingine, wakuu wa idara, watunza hazina, watunza vitabu. Kila mmoja ana kazi yake kwao, na hii huifanya kwa kujitolea. Hulipiwa nauli, kitanda na chakula. Vyama vingine hutoa fedha kidogo ya asante, vingine havitoi. Kwanza hufundishwa namna ya kukagua. Tena yako masharti. Mtu hatumwi kukagua chuo alichosoma yeye, wala alichowahi kufanya kazi, wala chenye ndugu yake. Zawadi hapokei, na aliyoyasikia huko hayatangazi njiani.

Kazi yenyewe huanza nyumbani. Chuo kinachokaguliwa huandika kwanza habari zake chenyewe: wanafunzi wangapi walianza na wangapi walimaliza, walimu wana elimu gani, fedha iliingia kiasi gani na ilikwenda wapi. Maandiko hayo huweza kufika kurasa mamia, na mkaguzi huyasoma usiku baada ya kazi yake ya mchana. Kisha wakaguzi kadhaa hukutana chuoni kwa siku mbili au tatu. Huzungumza na mkuu, na walimu, na wanafunzi pasipo wakubwa wao kuwapo. Hutazama kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo. Mwisho huandika taarifa, na kila neno la lawama shuruti liwe na ushahidi wake. Chuo hupewa nafasi ya kusahihisha makosa ya habari. Wakaguzi hutoa shauri tu. Baraza la chama ndilo linaloamua kama chuo kiendelee, kionywe, kiwekwe katika majaribio, au kinyang'anywe ithibati. Kwa vyama vingi ukaguzi mkubwa huja mara moja katika miaka kumi hivi, na katikati huwa na ukaguzi mdogo.

Bwana mmoja atauliza: "Mwalimu apata faida gani kujisumbua hivyo?" Faida ipo. Huona jinsi wenzake walivyotatua mambo yanayomshinda yeye kwao, na zamu ya chuo chake inapofika ajua wakaguzi watatafuta nini. Tena walimu wa huko husema kwamba wasipoitunza nyumba yao wenyewe, atakuja mtu wa nje kuwatunzia, na hawatapenda.

Lakini iko hatari, nayo ndiyo kiini cha mazungumzo yetu. Mkaguzi na mkaguliwa ni watu wa kazi moja. Leo mimi nakukagua wewe, kesho rafiki yako atanikagua mimi. Ni rahisi kuoneana haya. Mkaguzi ameona hesabu haziendi sawa, ameona wanafunzi wengi wanaacha masomo, kisha anakumbuka jinsi mwenyeji wake alivyo mtu mwema, na kalamu yake inalegea. Aandika maneno matamu, kila mtu aenda zake akicheka. Nani atakayelia? Mwanafunzi, ambaye hakuwamo chumbani.

Haya si maneno ya kubuni. Lilikuwako huko baraza la ithibati liitwalo kwa kifupi ACICS. Liliyapa ithibati matawi mengi ya shule za kampuni mbili kubwa, Corinthian na ITT. Corinthian ilifunga milango mwaka 2015, na ITT mwaka 2016. Maelfu ya vijana wakajikuta nje, wana madeni mikononi, na masomo yao hayakupokelewa katika vyuo vingi. Serikali ikaona kwamba baraza lile halikuwasimamia wanachama wake ipasavyo. Baada ya mashauri marefu ikaacha kabisa kulitambua mwaka 2022. Mwaka huohuo serikali ilitangaza kufuta madeni ya watu 560,000 waliosoma Corinthian, jumla dola bilioni 5.8. Fedha hizo zaweza kufutwa katika daftari. Miaka ya vijana wale haikurudi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wanaokunywa maji hayo ni wengine.

Kwa hiyo mkaguzi mwema ni yule anayemwambia mwenzake kweli kwa adabu, akiwa na ushahidi, na mapema, wakati bado pana nafasi ya kutengeneza. Aliyeambiwa mwaka huu kwamba hazina yake inavuja aweza kuiziba. Aliyefichwa ataambiwa na wadai.

Sasa, wazazi, neno kwenu. Kijana akipata barua nzuri kutoka chuo cha Marekani, msiuze ng'ombe wala shamba kwa sababu ya muhuri ulio juu yake. Ulizeni kwanza: Ni chama gani kilichokipa ithibati? Je, chama hicho chatambuliwa na serikali ya Marekani? Wako matapeli waliojitungia vyama vya ithibati vya uongo, vyenye majina makubwa. Idara ya Elimu ya Marekani ina orodha ya vyuo vyenye ithibati inayotambuliwa, nayo yasomwa bure katika intaneti. Kama kijijini hakuna mtandao, mwalimu wa sekondari aweza kuwatazamia.

Hata kwa vyuo vya huku msikose kuuliza. Tanzania iko Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kenya iko Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uganda liko Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Ulizeni kabla ya kulipa karo, si baada yake. Chuo cha kweli hakichukii kuulizwa. Kikianza kuwajibu kwa hasira au kuwaharakisha mlipe leoleo, shikeni fedha zenu mkatafute kingine.