Shujaa Hali Makofi

Nchi hii ina tabia ya kuwapenda wanariadha wake kwa siku tatu. Siku ya kwanza ni ya uwanja wa ndege: ngoma, shada la maua, na viongozi wanaosukumana wasimame karibu na medali. Siku ya pili ni ya huku kwetu Dodoma. Mwanariadha huketishwa katika jukwaa la wageni bungeni, jina lake husomwa, wabunge hupiga meza. Siku ya tatu ni ya hotuba na ahadi. Siku ya nne hakuna mtu. Nimekusudia kuandika juu ya siku ya nne, kwa sababu ndiyo iliyo ndefu kuliko zote; humwanza mwanariadha akiwa na miaka thelathini na kitu, ikamfikisha kaburini.

Niiseme hoja yangu mapema, ili anayetaka kunipinga asipoteze muda. Tanzania haijawahi kukubali kwamba kukimbia kwa jina la taifa ni kazi. Tumekubali kuwa ni kipaji, ni uzalendo, ni baraka ya Mwenyezi Mungu. Kazi, hapana. Na kwa kuwa tumekataa kuiita kazi, kila kinachomstahili mfanyakazi, yaani ujira, matibabu ya jeraha na kiinua mgongo, tumekigeuza kuwa hisani ya mkubwa.

Chukua mfano wa mtu wa hapa hapa. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu kama wanamjua Juma Ikangaa. Mikono inayoinuka haijapata kuzidi mitatu, na mmoja kati ya hiyo huwa wa kubahatisha. Vijana hao hao watakutajia kikosi cha Arsenal pamoja na wachezaji wa akiba. Siwalaumu, hakuna aliyewafundisha.

Ikangaa alizaliwa Dodoma mwaka 1957, akawa afisa wa Jeshi la Wananchi. Umbo lake lilikuwa dogo na mbio zake hazikuwa na ujanja wa kujificha. Wakati wengine walikaa nyuma ya migongo ya wenzao wakisubiri kilomita za mwisho, yeye alishika uongozi mapema, akavunja upepo kwa kifua chake, akawaburuta wote. Mwaka 1982 huko Brisbane, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, yeye na Gidamis Shahanga waliichana mbio ile mbele ya macho ya Waaustralia, mpaka Robert de Castella alipomfikia Ikangaa mwishoni na kumshinda kwa sekunde 12. Mwaka uliofuata, Fukuoka, Toshihiko Seko alimshinda kwa sekunde tatu. Mwaka 1986 alishinda Tokyo kwa saa 2:08:10. Mwaka 1988, Boston, baada ya zaidi ya kilomita 42, Ibrahim Hussein wa Kenya alimtangulia kwa sekunde moja. Moja! Akarudi Boston mwaka 1989, akawa wa pili. Akarudi mwaka 1990, akawa wa pili tena. Katikati ya hayo, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2:08:01, na rekodi ile ya njia ya New York ilidumu hadi mwaka 2001.

Nimezirudia tarakimu hizi kwa makusudi. Mtu aliyefanya hayo huitwa bingwa popote duniani. Kwetu, kwa kuwa mara nyingi alikuwa wa pili, tumemweka kwenye rafu ya «aliyejitahidi». Ajabu ni kwamba nchi yenyewe haina cha kumdharau nacho: katika historia yetu yote ya Olimpiki tuna medali mbili tu, zote za fedha, zote za Moscow 1980, ya Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Taifa la nafasi ya pili linamdharau mtu wa pili.

Sasa tazama jambo moja ambalo watunga sera hawapendi kulitazama. Ikangaa alikuwa mwanajeshi. Alphonce Simbu, mwana wa Singida, aliyetupatia dhahabu ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha huko Tokyo Septemba 2025, naye ni mwanajeshi. (Simbu na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda ule ule, saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Safari hii sehemu ya sekunde ilikuwa upande wetu.) Je, ni sadfa? Jeshi ndilo mahali ambapo kijana anayejua kukimbia hupata mshahara mwisho wa mwezi, hospitali, na uhakika kwamba miguu ikichoka hatarudi kijijini mikono mitupu. Sera ya michezo iliyozaa matunda katika nchi hii imeandikwa kwenye daftari la mishahara la jeshi. Ofisi nyingine zimeandika vitabu vya mikakati.

Na je, asiyevaa gwanda? Mtazame John Stephen Akhwari wa Mbulu. Dunia nzima inaijua picha yake ya Mexico City, 1968: goti limefungwa bandeji, giza limeingia, anachechemea kuingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza; 18 walioanza naye hawakumaliza. Wenye semina za uongozi wameifanya picha ile mtaji wao. Nani anakumbuka kwamba miaka miwili baadaye, Edinburgh, mtu yule yule alikuwa wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola kwa muda wa saa 2:15:05? Tunampenda akiwa majeruhi kuliko tunavyompenda akiwa mwanariadha hodari, kwa sababu majeruhi anatusisimua bila kutudai. Nishani ya shujaa wa taifa alitunukiwa mwaka 1983, miaka 15 baada ya kuanguka kule.

Niulize kama mwanasheria angeuliza: goti lile lilikuwa la nani? Fundi akianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi hapa Mtumba leo, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamtambua, kwa kuwa ana mwajiri na aliumia akiwa kazini. Mkimbiaji anayeumia akiwa amevaa bendera kifuani, akiwa ametumwa na chama kilichosajiliwa na serikali, ameumia akiwa wapi? Matembezini?

Kuna deni jingine, nalo lina utata zaidi. Mwaka 1974, Christchurch, Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, dakika 3:32.2, akiongoza mwanzo hadi mwisho, John Walker wa New Zealand akiwa nyuma yake. Mwaka 1975 akaivunja ya maili kwa dakika 3:51.0. Dunia ilisubiri wawili hao wakutane Montreal mwaka 1976. Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ikasusia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu. Ule mgomo ulikuwa wa haki na ningeuunga mkono hata leo. Lakini haki ile ilikuwa na gharama, na gharama ile hatukuigawana watu milioni kadhaa. Ilibebwa na wachache ambao miguu yao ilikuwa na miaka minne au mitano tu ya kuwa bora duniani. Mkulima anayechukuliwa shamba lipite reli ya SGR hulipwa fidia, hata kama sote tunaitaka reli. Bayi alichukuliwa Olimpiki. Wapi jedwali la fidia yake?

Wapo watakaosema haya ni mawazo ya kizungu. Sawa, twende huko huko ughaibuni tuone. Bill Radovich alikuwa mchezaji wa mstari wa mbele katika timu ya Detroit Lions, kwenye ule mpira wao wa Kimarekani wa kubebana na kuangushana. Enzi zake mtu yule yule alishambulia na kulinda. Kazi yake ilikuwa kugongana na mijitu tangu filimbi ya kwanza, na jina la mtu wa namna hiyo watazamaji hawalikumbuki. Baba yake alipougua, aliomba kuhamia timu ya Los Angeles awe karibu naye. Akakataliwa. Alipojiunga na ligi pinzani mwaka 1946, akafungiwa milango, na baadaye hata timu ndogo ikaogopa kumwajiri. Akaenda mahakamani. Mwaka 1957 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua, majaji sita kwa watatu, kwamba mchezo ule ni biashara na sheria za ushindani zinauhusu. Mwaka huo huo mkuu wa ligi akalazimika kukitambua chama cha wachezaji kilichokuwa kimeundwa 1956. Pensheni ikafuata. Haikushuka kutoka kwa bwana mwema. Na hata hivyo waliocheza kabla ya 1959 waliachwa nje ya mpango ule kwa miaka mingi, wazee wenye magoti yaliyokwisha, kwa kuwa tarehe kwenye karatasi haikuwafikia.

Sisi tulichagua neno jingine. Sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa, Namba 12 ya mwaka 1967, ilizungumza juu ya michezo ya ridhaa. Ni mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, azimio lililofanya kazi kuwa kipimo cha utu! Kwa wakati wake neno lile lilieleweka, maana Olimpiki yenyewe ilimfukuza aliyelipwa. Lakini tangu mwaka 1982 shirikisho la riadha la dunia lilianza kuruhusu fedha za wanariadha ziwekwe katika mifuko ya amana. Dunia ikahama. Sisi fikra zetu zimebaki kwenye ridhaa, na juu ya ridhaa tumejenga zawadi: kiwanja, pikipiki, bahasha. Hata «Goli la Mama», ambalo limewapa wachezaji wa soka furaha halali, ni mkono unaotoa unapopenda. Nani atalipa bao lililozuiwa na beki?

Jibu ninalolisikia kwenye korido za wizara ni kwamba nchi ni maskini, zahanati kwanza. Hoja hii ningeiheshimu kama isingetolewa na watu waliotoka kwenye warsha ya siku tano. Wote waliopanda jukwaa la medali kwa jina la Tanzania katika Olimpiki, Jumuiya ya Madola na mashindano ya dunia ya riadha wangeenea katika basi moja la Dodoma kwenda Singida, na viti vingebaki. Kuwalipa posho ya kila mwezi ya uzeeni hakuwezi kuifilisi hazina inayojiandaa kwa AFCON ya 2027 kwa viwanja vipya.

Kwa hiyo niwaambie ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, na najua mpo, maana huniandikia faraghani. Kipindi cha bajeti ni Aprili hadi Juni, na rasimu zinaandikwa kabla ya hapo, mezani kwenu. Andikeni kifungu kinachomtambua mwanamichezo aliye katika kambi ya taifa kuwa mfanyakazi kwa muda wote wa kambi, ili michango yake ya hifadhi ya jamii na ya fidia ilipwe na aliyemwita. NSSF inamwandikisha mwendesha bodaboda kwa hiari. Haiwezi kushindwa na mkimbiaji. Na katika tarehe ya kuanza, msifanye walivyofanya Wamarekani. Anzeni na wazee. Anzeni na wale wa Mexico City.

Nanyi wanafunzi, ombeni nakala ya rasimu hiyo. Mkiambiwa haipo, ombeni kwa maandishi.