Umesahau default-gateway

Mwandishi, katika maelezo yako ya kuipa swichi anwani ya IP umeruka pale ambapo wengi hukwama. Swichi ya Cisco ya kawaida ikitoka kwenye boksi hupitisha data bila kupewa anwani yoyote. Anwani ya IP ni kwa ajili yako fundi, uifikie ukiwa mbali. Ndiyo maana mara ya kwanza unaingia kwa waya wa konsoli, ule bapa wa bluu. Laptopu za siku hizi hazina tundu lake, kwa hiyo tafuta adapta ya USB, kisha tazama Windows imeipa COM namba ngapi kabla ya kufungua PuTTY. Kasi ni 9600. Ukikosea hapo skrini itakutolea vikorokoro visivyosomeka, na wengine hudhani swichi imekufa.

Anwani yenyewe huwekwa kwenye VLAN: interface vlan 1, halafu ip address 192.168.1.10 255.255.255.0, kisha no shutdown, maana mara nyingi huwa imezimwa. Chagua namba ambayo ruta haigawi yenyewe, la sivyo simu ya mgeni itakuja kuigombania.

Sasa ip default-gateway hukuigusa kabisa! Bila hiyo swichi itajibu ping ya kompyuta za mtandao uleule, lakini ukiwa mtandao mwingine ni kimya, na mafundi hubaki kulaumu nyaya bure. Tafadhali uongeze mstari huo, pamoja na copy running-config startup-config. Umeme ukikatika kabla ya kuhifadhi, unaanza upya.