Supu ya Baba na Chai ya Mtoto



Huku kwetu Ufipa, baridi ya mwezi wa Juni na Julai humkumbusha kila mtu sufuria iliyo motoni. Mmoja apenda supu ya makongoro, nzito hata midomo inanata. Mwingine ataka ya kuku wa kienyeji, chumvi kidogo na ndimu, basi. Yuko na yule asemaye kwamba supu isiyo na pilipili kichaa ni maji ya kunawia mikono. Ukishuka ziwani, Kasanga au Kirando, huko watakuambia mchuzi ni wa migebuka, mengine ni mazungumzo tu. Na chai ni vivyo hivyo: huyu ya maziwa, huyu ya rangi, bibi ataka tangawizi, binti ataka mchaichai. Kubishana juu ya ladha ni kazi bure, nami siingii katika shauri hilo.

Lakini yuko mmoja nyumbani ambaye hakuulizwa apenda nini. Ni mtoto aliyeanza kula juzi. Yeye hunywa alichopewa, na mara nyingi hupewa chai.

Majani ya chai ya dukani, meusi au ya kijani, hutoka katika mmea mmoja. Tofauti ni namna yanavyotengenezwa baada ya kuchumwa. (Mchaichai si chai, ni nyasi yenye harufu nzuri.) Wajerumani waliujaribu mmea huo kule Amani, Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, kisha mashamba yakaenea Mufindi na Rungwe. Basi chai ni mgeni, tena mgeni mwenye tabia yake. Ule ukali unaokausha ulimi ni wa kitu kiitwacho tanini. Tanini hukamata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, yasiingie mwilini. Chuma ndicho kinachosaidia kutengeneza damu. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wamepima jambo hili, wakaona kwamba chai ikinyweka pamoja na chakula cha namna hiyo yaweza kupunguza chuma kinachoingia mwilini kwa zaidi ya nusu. Kwa mzee mwenye afya anayekula vizuri si neno kubwa. Kwa mama mwenye mimba na kwa mtoto mdogo ni neno kubwa sana.

Sasa tutazame hesabu, ingawa haipendezi. Mwaka 2015 na 2016 nyumba nyingi nchini zilipimwa watoto, ikaonekana kwamba katika kila watoto 100 wa Rukwa walio chini ya miaka 5, 56 walikuwa wafupi kuliko umri wao. Huo ndio udumavu. Kipimo cha mwaka 2022 kilionyesha kama 50, hali kwa nchi nzima ni 30. Na huu ni mkoa unaovuna mahindi hata kuyauza nje! Ghala imejaa, mtoto amedumaa. Sitasema chai ndiyo iliyoleta yote hayo. Ziko homa na kuhara, yako maji machafu, iko kazi ya shamba inayomchosha mama hata asipate nafasi ya kumlisha mtoto mara kwa mara. Lakini tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Likijazwa chai yenye sukari, uji wa ulezi utaingia wapi?

Ndipo ninaporudi kwa supu. Akina baba, msigeuze ukurasa. Nyumba nyingi zina desturi hii: kuku akichinjwa, nyama huenda kwa baba na wageni, mtoto hupewa mchuzi, naye mama hujifariji kwamba nguvu yote imetokea katika maji. Sivyo. Maji huchukua harufu, chumvi na mafuta kidogo. Kile kinachojenga mwili, pamoja na chuma, kwa sehemu kubwa kimebaki katika nyama na katika ini. Hata Kanisa lilipata kuvitaja vitu hivi viwili: sheria ya mwaka 1917 ilikataza nyama, na mchuzi wa nyama pia, siku za kujinyima, Papa Paulo wa Sita alipoitengeneza upya sheria hiyo mwaka 1966 alikataza nyama, wala hakutaja mchuzi. Basi, mtoto anayepewa mchuzi mtupu mwaka mzima amefungishwa Kwaresima asiyoijua.

Ini la kuku apewe mtoto, likiwa limeiva vizuri na kupondwa. Baba atabaki na paja, hatakufa. Siku zisizo na kuku, ambazo ndizo nyingi, tuna maharage na dagaa wa Tanganyika. Maharage yalowekwe usiku kucha, maana Sumbawanga iko juu karibu mita 1,800, na huku maji huchemka kabla hayajapata moto ule wa pwani. Ndiyo sababu maharage yetu hukawia kuiva na kumaliza kuni. Yakiiva, yapondwe pamoja na dagaa waliotwangwa kuwa unga, mafuta kijiko kimoja, ale mtoto aliyetimiza miezi 6 na kuendelea, katika kibakuli chake mwenyewe, siyo kugombania sinia na kaka zake. Kama mpera au mchungwa umezaa, tunda liliwe pamoja na chakula, maana husaidia chuma kuingia mwilini. Chai ya mama mjamzito ingoje kama saa moja baada ya kula. Mtoto mchanga asipewe kabisa. Maziwa ya mama yamtosha mpaka miezi 6, na baada ya hapo aendelee kunyonya huku akila.

Babu tumwachie kikombe chake cha tangawizi, ila asimwonjeshe mjukuu aliyempakata.